Doti nne za miwati na chuma: shajara ya mradi, Iringa

Februari: mpangilio na majina

Kazi ni doti nne, kila doti vipande viwili visivyokatwa, zitakazotundikwa ukutani hapa Iringa mjini. Kitambaa ni marekani isiyopaushwa. Kipande kimoja cha kila doti ni cheusi kama kaniki, cha pili kinabaki na kahawia ya gome. Rangi zote mbili zinatoka kwenye sufuria moja ya gome la miwati. Kinachozitenganisha ni chuma tu. Kwenye kipande cheusi jina la kanga, yaani maneno yake, linaandikwa kwa kufuta rangi. Kwenye kipande cha kahawia linaandikwa kwa kuongeza chuma.

Mada ya kazi ni ukoloni, ila msanii alikataa mapema kuchora Mjerumani na bunduki. Picha hizo zimeshachorwa vya kutosha, na mnunuzi wake ni mtalii. Ukoloni hapa uko ndani ya malighafi. Kitambaa cha marekani kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mkataba wa biashara kati ya nchi ya Marekani na Sultani Said ulitiwa saini mwaka 1833. Sehemu kubwa ya pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwanda vya kaskazini, ikaja kutumika huku bara kama fedha: mpagazi alilipwa kwayo, na hongo ya kupita kwenye nchi ya mtu ililipwa kwayo. Miwati nayo asili yake ni Australia. Kampuni ya miwati ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 na shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza ili kukamua tanini ya kutengenezea ngozi. Ukitia rangi hiyo kwenye kitambaa hicho, nusu ya hadithi imeshasemwa kabla ya herufi ya kwanza.

Majina yaliyopitishwa:

MIKONO MINANE NI DOTI. Hicho ndicho kipimo cha misafara: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti.

RUPIA TATU KWA KILA NYUMBA. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza kukusanywa mwaka 1898. Asiyekuwa na rupia aliifuata kwenye mashamba ya walowezi.

KICHWA KIRUDI NDANI YA MIEZI SITA. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi 6 tangu mkataba uanze kutumika. Ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu lilifika Kalenga Juni 1954, likitokea makumbusho ya Bremen.

GOME NJOMBE NGOZI ULAYA. Hili halihitaji maelezo kwa mtu wa Njombe.

Mapendekezo ya mwanzo yalikuwa tarehe tupu, mfano LUGALO 17 AGOSTI 1891. Yameondolewa. Tarehe peke yake kwenye kanga inakaa kama kibao cha barabarani, wakati kanga husema na mtu. Lugalo imehamia kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, wa doti ya tatu: safu za vichwa vya mikuki, kwa kuwa ni kwa mikuki ya karibu ndipo Wahehe walipolivunja jeshi la Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo. Pindo la doti zote nne linafuata msuko wa vikapu vya milulu vya Iringa, pembetatu zinazopishana.

Vipimo: kipande kilichokamilika ni sentimita 150 kwa 110. Pindo ni sentimita 18 kila upande, kwa hiyo nafasi ya jina ni sentimita 114. Herufi za urefu wa sentimita 4 hula takriban sentimita 3 kila moja pamoja na nafasi. Jina refu kuliko yote, la doti ya tatu, lina herufi na nafasi 33, yaani sentimita 99. Linaingia, lakini neno jingine la zaidi ya herufi nne lisingeingia. Anayetaka sentensi ndefu apunguze pindo kwanza, asipunguze herufi: chini ya sentimita 3 uji wa wanga wa kufutia rangi hujaza matumbo ya A na R.

Machi na Aprili: gome

Gome la miwati huvuliwa wakati wa mvua. Utomvu ukiwa unapanda, linaachana na mti kwa kuvutwa, kamba ndefu toka chini hadi kwenye matawi. Kiangazi linang'ang'ania na kutoka vipandevipande pamoja na mbao. Tumelichukua Njombe kwa wachoma mkaa, ambao gome kwao ni taka. Miti ya miaka 8 hadi 10 inatosha. Gome la mti mchanga ni jembamba na tanini yake ni haba.

Kilo 7 za gome bichi zilitoa kilo 3 na kitu zikikauka. Likatekate kabla halijakauka, vipande vya sentimita 2. Likishakauka ni gumu kama kuni na panga linaruka. Likaushwe kivulini, juu ya turubai, na ligeuzwe kila siku. Ukungu wa Njombe mwezi Machi hauna huruma: rundo likilala limefungwa kwenye kiroba, kuvu ya kijani inaingia na kula tanini, na gome hilo huacha madoa yasiyofutika kwenye kitambaa. Lisianikwe juu ya bati lenye kutu. Gome bichi likigusa kutu linakuwa jeusi palepale, na weusi huo unaingia nao kwenye sufuria.

Mwisho wa Aprili: kuchemsha kitambaa

Zimenunuliwa mita 15 za marekani yenye upana wa sentimita 120, uzito wa takriban gramu 150 kwa mita ya mraba. Kila doti imekatwa mita 3.3, baada ya kuchemshwa inabaki kama mita 3.1 kwa sentimita 112. Doti nne kavu ni kilo 2.4, na dozi zote zinazofuata zimepigwa hesabu kwa uzito huo. Kipande kilichobaki ni cha sampuli.

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe. Kimwagie tone la maji: likikaa juu kama shanga, rangi haitaingia. Dawa ni magadi ya sokoni, gramu 200, yaliyoyeyushwa na kuchujwa mchanga, pamoja na gramu 50 za sabuni ya mche iliyokunwa, katika maji ya kutosha kitambaa kielee. Iringa iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maji hutokota karibu nyuzi 95, kwa hiyo saa moja inayotajwa na wengi haitoshi, saa mbili. Maji yakimwagwa yana rangi ya chai. Tone likizama papo hapo, kazi imeisha. Likisita hata kidogo, rudia kwa magadi nusu.

Mei: maji ya gome

Kabla ya kujaza sufuria, yapime maji yenyewe. Chukua glasi ya maji, tia kijiko cha maji ya gome. Yakibaki na kahawia safi, ni mazuri. Yakigeuka kijivu, yana chuma cha mabomba, na kitambaa kitatoka kimefifia kabla hujakusudia. Maji ya bomba ya asubuhi, yaliyolala kwenye mabomba ya zamani, yalishindwa. Ya mvua yalifaulu. Matanki mawili yaliyojazwa Aprili ndiyo yanayotumika.

Kilo 3 za gome kavu, lita 30 za maji ya mvua, zilale usiku. Asubuhi moto mdogo, nyuzi 70 hadi 80, saa moja. Mvuke utoke na viputo vidogo viwe pembeni, bila kutokota. Yakitokota sana wekundu unazidi na mashapo yanaongezeka, nayo hukaa kwenye kitambaa kama vumbi. Chuja kwa kitambaa, rudisha gome na lita 20 nyingine, changanya maji ya mikupuo yote miwili. Sufuria iwe ya aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Pipa la mafuta lililokatwa, ambalo mafundi wengi wa batiki wanalo, halifai hapa hata likiwa limesuguliwa.

Kitambaa kiingie kimelowa. Geuza kwa mti kwa saa moja, kisha kilale usiku kimekandamizwa na sahani ili hakuna pembe inayojitokeza. Pembe inayoota hewani hushika mstari mweusi zaidi, na mstari huo ukishaingia hautoki.

Baada ya hapo kinasuuzwa mara moja, haraka, kisha kinaanikwa. Wapo wanaoruka kusuuza ili rangi iwe kali. Matokeo yake tanini iliyokaa juu juu inakutana na chuma pale pale juu, haiingii kwenye uzi, na kitambaa kikikauka kinaacha masizi kwenye shati la anayekishika.

Chai ya Mufindi ilijaribiwa kwa ajili ya pindo, kwa kuwa nayo ni zao la walowezi. Ilitaka uzito mara tatu wa gome na bado ikatoa kijivu dhaifu. Imeachwa.

Mei hadi mwanzo wa Juni: maji ya chuma

Kilo moja ya misumari na vipande chakavu kutoka kwa mafundi wa kuchomelea, lita 2 za siki, lita 4 za maji, ndani ya dumu la plastiki. Vyuma vioshwe kwanza kwa magadi kuondoa grisi. Misumari ya bati isiingie, imepakwa zinki. Vumbi la grinda nalo lisiingie: chembe zake hukaa kitambaani na kila moja inatoa doa lenye duara. Mdomo wa dumu ufunikwe kwa kitambaa, usifungwe kwa kifuniko, kwani siki ikila chuma hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inawaka. Liwekwe mbali na jiko. Wiki tatu zinatosha.

Nguvu ya maji haya hubadilika kutoka dumu hadi dumu, kwa hiyo vipimo vya mtu mwingine ni mwongozo tu. Njia ya uhakika ni kanda za sampuli zilizokwisha kutiwa gome: lita 1 ya maji ya chuma kwa lita 10 za maji, kwa 20, kwa 40. Ile ya 10 ilitoa kijivu kizito kwa dakika mbili. Ile ya 40 ilihitaji mizunguko mitatu kufika hapohapo. Tumechagua ya 40, na hiki ndicho kiini cha mradi mzima kwa upande wa ufundi: chuma hula pamba. Asidi ya siki huudhoofisha uzi, kisha chuma chenyewe huendelea kuuozesha kila unapopata unyevu na mwanga. Ukanda wa 10 uliokaushwa bila kusafishwa asidi ulipasuka kwa kuvutwa mkono kwenye mkunjo. Wa 40 uliosafishwa kila mzunguko unashikilia kama mpya.

Kusafisha ni kwa chokaa ya kilimo, ile ya kurekebisha udongo wenye tindikali: gramu 100 kwa lita 20 za maji ya uvuguvugu, dakika kumi, huku unakoroga maana inazama. Chaki ya ubaoni haifai. Nyingi ni jasi, na jasi haiui asidi. Chokaa ya kupakia nyumba ni kali mno, inageuza kahawia kuwa nyekundu ya matofali. Karatasi ya kupimia asidi ikisoma kati ya 6 na 7 kwenye maji ya mwisho, endelea.

Juni: nusu nyeusi

Tatizo la mwezi huu ni mpaka. Doti haikatwi katikati, lakini nusu moja iingie kwenye chuma na nyingine ibaki kavu. Kitambaa cha pamba hunyonya maji kwenda juu kama utambi, na chuma hupanda nayo. Bila kizuizi, ukanda wa kijivu ulifika sentimita 10.

Kizuizi kilichofanya kazi ni mbao mbili nyembamba za urefu wa sentimita 125, kila moja imevalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliochanwa, zikabana kitambaa kikavu kabisa katikati ya doti kwa klempu nne. Klempu mbili hazitoshi, maana mbao inapinda katikati na chuma kinapita hapo. Nusu ya kahawia inaviringishwa ndani ya nailoni na kuning'inizwa juu ya beseni. Ukanda sasa ni chini ya sentimita 1, na msanii ameuacha ulivyo kwenye doti zote. Kwenye doti ya tatu ulitoka mpana kidogo upande wa kulia. Nao umeachwa, na kwa maoni ya karakana ndio mpaka mzuri kuliko mingine.

Mzunguko mmoja ni huu: maji ya chuma 1 kwa 40, dakika 5, kitambaa kikigeuzwa muda wote, hewani dakika 15 kigeuke rangi, chokaa, kusuuza, kisha maji ya gome tena dakika 20, na kurudi kwenye chuma. Mizunguko mitatu. Gome la mzunguko wa pili na wa tatu linawekwa kwenye beseni lake peke yake. Kitambaa chenye chuma kikiingia kwenye sufuria kuu, hata kipande cha sampuli, maji yote yamekuwa wino na hayarudi.

Weusi unaotoka si wa kaniki ya dukani, ambayo zamani ilikuwa na ubuluu wa nili ya India. Huu ni mweusi unaoelekea kwenye kijivu cha moshi. Wazo la kuongeza nili juu yake lilijadiliwa, likakataliwa: nili ingeleta kaniki iliyozoeleka, lakini ingeondoa hoja kwamba rangi zote mbili ni za mti mmoja.

Juni ni kavu na ina upepo, kitambaa kinakauka haraka, lakini vumbi jekundu la Iringa lina chuma ndani yake. Likitua kwenye nusu ya kahawia iliyolowa linaacha nukta za kijivu. Kuanika kumehamishiwa ndani.

Julai: herufi na pindo

Stensili zimekatwa kwenye filamu za eksrei zilizotumika, zilizolowekwa hadi picha ikatoka. Zinakunjika bila kukatika na zinaoshwa mara nyingi. Meza imetandikwa blanketi na juu yake nailoni.

Uji wa kufutia: gramu 80 za wanga wa muhogo kwa lita 1 ya maji, upikwe hadi ung'ae, upoe hadi uvuguvugu, ndipo zitiwe gramu 60 za asidi ya limau ya unga, ile ya kutengenezea juisi. Ukitia asidi ungali motoni, wanga unavunjika na uji unakuwa maji ndani ya muda mfupi. Maji ya ndimu peke yake yanafuta vilevile, ila yanatambaa chini ya stensili. Kipimo cha uzito: chora mstari juu ya kioo, simamisha kioo, mstari usishuke.

Asidi ya limau inakikamata chuma na kukiondoa kwenye tanini, na kahawia ya gome inarudi ikiwa imepauka kidogo. Herufi zinaanza kuonekana dakika ya pili au ya tatu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Uji usiachwe ukauke, na pasi isikaribie kabla ya kusuuza: asidi ya limau iliyokauka na kupata moto huchoma pamba, na herufi hukatika kama zimetobolewa.

Kusuuza ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Kwenye sampuli ya MIEZI SITA herufi zote zilitoka safi, kisha ndani ya beseni mkia wa S ukaanza kurudi kijivu, halafu I, halafu T. Chuma kilichofutwa kilikuwa bado kwenye maji, na tanini iliyobaki ndani ya herufi ikakikamata upya. Kwa hiyo beseni halitumiki. Kitambaa kinalazwa kwenye meza ya plastiki iliyoinamishwa, pindo la chini likiwa upande wa chini, na maji ya mpira yanapita bila kusimama. Kwa kuwa jina liko karibu na pindo hilo, chuma kinatoka nje bila kupita juu ya mji. Mara maji yakiwa meupe, chokaa.

Nusu ya kahawia ni rahisi: maji ya chuma 1 kwa 5 yaliyofungwa kwa wanga uleule, stensili, dakika 20, chokaa, kusuuza. Kitambaa kiwe kikavu kabisa, la sivyo kila herufi inaota ndevu.

Agosti: hali ilivyo

Doti ya kwanza, ya pili na ya tatu zimekamilika. Ya nne ina nusu nyeusi na jina lake. Nusu ya kahawia inangoja pindo na jina. Jina la GOME NJOMBE NGOZI ULAYA litaandikwa pande zote mbili kwa ukubwa uleule, baada ya jaribio la herufi kubwa upande wa kahawia kuonekana kama tangazo la duka.

Kutundika: mkanda wa marekani umeshonwa kwa mkono nyuma ya ukingo wa juu, mishono ikishika nyuzi nyingi, ili uzito usibebwe na nyuzi chache za sehemu nyeusi. Ndani yake unapita upapi wa paini ya Sao Hill. Paini hutoa utomvu na asidi, kwa hiyo upapi umefungwa kwanza kwa karatasi ya aluminiamu, kisha kitambaa cha pamba kilichooshwa. Pini za chuma haziruhusiwi popote, hata kwa dakika tano za kupiga picha.

Ukumbi una madirisha makubwa upande wa mashariki. Pazia nzito zinahitajika, au doti zihamie ukuta wa ndani. Hazitakaa nje ya kabati zaidi ya miezi mitatu mfululizo. Kunja ni marufuku. Zitaviringishwa kwenye bomba la plastiki, upande wenye rangi ukitazama nje, na karatasi isiyo na asidi katikati. Kabla ya kuviringisha, kanda za sampuli za 10 na za 40 zinawekwa pamoja nazo ili kila mwaka zivutwe kidogo na kulinganishwa, maana hizo ndizo zitakazotangulia kuoza.

Yaliyobaki: pindo na jina la nusu ya kahawia ya doti ya nne, pazia au ukuta, na chokaa nyingine kilo 2.